Apejio zilivyoniumbua

Kwa mwaka mzima nilijihesabu mpiga gitaa. Nilikuwa na kodi zangu nne (si za nyumba, hizi za muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja): C, Am, F na G. Nacharaza nyuzi zote kwa mpigo mmoja, wenzangu wanaimba kwa nguvu, nani atasikia kasoro? Siku niliyojaribu kudonoa uzi mmoja mmoja ndipo nikaumbuka. Nakaba C, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, bubu kabisa.

Apejio ndiyo hiyo tu: kodi ileile, ila noti zake zinatoka kwa zamu. C ni do, mi na sol. Zikitoka pamoja hufichiana aibu, zikitoka moja moja hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo anza na mkono wa kushoto, ingawa wengi hukimbilia wa kulia. Kaba C, donoa taratibu, sikiliza kila uzi. Kwangu mimi, kidole cha shahada kilichobana uzi wa 2 kilikuwa kimeulalia na wa 1. Nilikata kucha, nikakisimamisha kidole kibane kwa ncha, na kiganja nikakiachanisha na shingo ya gitaa. Wiki mbili nzima nilikuwa hapo tu, na sijutii.

Mkono wa kulia una mgawanyo wake: gumba besi (nyuzi nene, wa 4 hadi wa 6), shahada uzi wa 3, kidole cha kati wa 2, cha pete wa 1. Kwenye C piga nyuzi 5-3-2-1-2-3 ukihesabu hadi sita. Ukihamia Am, mpangilio ni uleule, na upande wa kushoto kinachohama ni kidole cha pete peke yake, kutoka uzi wa 5 kwenda wa 3. Zizoee hizo mbili kwanza, F isubiri. Kwenye G gumba linakwenda uzi wa 6, kwenye D uzi wa 4.

Weka metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo) kwenye 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mpigo. Mimi nilianza na 100 kwa kiburi, nikalazimika kujifunza upya.

Na kidole cha pete kikigoma, usitupe gitaa. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa miaka ya 1950, alidonoa kwa gumba na shahada tu. Changu mpaka leo huchelewa, hasa asubuhi kukiwa na baridi.