Ukizima Thumbs.db hujafuta vijipicha

Msomaji mmoja ameuliza: "Kila nikitaka kufuta folda kwenye seva ya ofisi, Windows inasema imefunguliwa, na mimi nimeshafunga kila kitu. Nimeonyesha faili zilizofichwa nikakuta Thumbs.db. Nimeizima kwa maelekezo niliyoyakuta mtandaoni. Je, picha za wateja wangu sasa ziko salama?"

Folda itafutika. Picha za wateja haziko salama hata kidogo, na kosa si la msomaji. Maelekezo mengi yanataja Thumbs.db kana kwamba ndiyo hifadhi pekee ya vijipicha (nakala ndogo za picha ambazo Windows hujitengenezea), kumbe ziko mbili, na ile mbaya zaidi haionekani kwenye folda yako.

Enzi za Windows XP, kila folda yenye picha uliyoifungua ukiwa kwenye mwonekano wa vijipicha iliachiwa Thumbs.db yake humo humo. Ndani yake mlikuwa na nakala ndogo za picha pamoja na majina ya faili. Ukifuta picha, nakala inabaki. Ukiifunga folda kwa zip na kumtumia mtu, nakala inakwenda nayo, na mpokeaji mwenye programu ya bure kama Thumbs Viewer anaona hata picha ulizoziondoa kabla ya kutuma.

Kuanzia Windows Vista mambo yalihamia sehemu moja: folda ya %LocalAppData%\Microsoft\Windows\Explorer. Ibandike njia hiyo kwenye kisanduku cha anwani ubonyeze Enter. Utaona thumbcache_32.db, thumbcache_96.db, thumbcache_256.db na nyinginezo. Namba ni ukubwa wa kijipicha kwa piseli, na Windows 10 na 11 zina hata 1280 na 2560. Thumbs.db haikufa, ila siku hizi inazaliwa hasa kwenye folda za mtandao, yaani zile za seva. Ndiyo maana msomaji wetu aliikuta huko na wala si kwenye diski yake mwenyewe.

Tumalize kwanza la seva. Folda haifutiki kwa sababu Explorer yenyewe, programu ya Windows ya kutazama folda, imeishikilia Thumbs.db ikiwa wazi. Dawa ya haraka ni kubadili mwonekano wa folda kuwa Details, kutoka, kisha kufuta. Dawa ya kudumu: bonyeza Windows na R, andika gpedit.msc, nenda User Configuration, Administrative Templates, Windows Components, File Explorer (kwenye Windows 7 inaitwa Windows Explorer), halafu uwashe "Turn off the caching of thumbnails in hidden thumbs.db files". Windows Home haina gpedit, kwa hiyo ingia kwa regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows) mpaka HKEY_CURRENT_USER\Software\Policies\Microsoft\Windows. Kama ndani yake hakuna Explorer, itengeneze. Humo weka DWORD (thamani ya namba) ya biti 32 iitwayo DisableThumbsDBOnNetworkFolders, thamani 1. Toka kwenye akaunti, uingie tena.

Zilizokwisha kuzaliwa hazifi zenyewe. Kama seva inaonekana kama diski Z, fungua cmd (dirisha la amri) uandike:

del /s /q /a:h "Z:\Thumbs.db"

Hiyo /a:h usiiache, maana bila hiyo del haigusi faili zilizofichwa na utarudi kulalamika kwamba amri haifanyi kazi. Na fanya hivyo baada ya kuzima kwenye mashine zote za ofisi. Ikisahaulika hata moja, ya sekretari au ya yule anayekuja Jumamosi tu, zitaota upya.

Sasa thumbcache, ambako ndiko kwenye siri. Mteja anachomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari, unafungua folda, unaprinti, anachomoa anaondoka. Flashi imekwenda, vijipicha vya kila picha uliyopita juu yake vimebaki kwenye diski C. Kijipicha cha piseli 256 kinatosha kabisa kutambua sura kwenye picha ya pasipoti. Kwenye cheti kilichoskaniwa herufi ndogo hazisomeki kwa ukubwa huo, lakini nembo na mpangilio vinatambulika, na vile vikubwa zaidi vinasomeka. Video inaacha fremu moja. PDF inaacha ukurasa wa kwanza, kama programu ya PDF uliyonayo inatengeneza vijipicha. Hati za Word kwa kawaida haziachi kitu, isipokuwa aliyeziandika alichagua kuzihifadhi na kijipicha.

Wanaotumia diski iliyosimbwa (isiyosomeka bila nywila), kama ya VeraCrypt, wajue kwamba ukiifungua na kuzitazama picha zilizomo kwa mwonekano wa vijipicha, nakala ndogo zinaandikwa C, nje ya usimbaji. Umeweka kufuli la chuma mlangoni, dirisha ukaliacha wazi. Usipoisimba C yenyewe, kwa BitLocker au VeraCrypt hiyo hiyo, usimbaji wa ile nyingine una tundu.

Jambo moja la afadhali: thumbcache haihifadhi jina la faili, ina namba ya utambulisho tu. Lakini wachunguzi wa kidijitali huweza kuilinganisha namba hiyo na faharasa ya utafutaji ya Windows wakapata jina na njia, kwa hiyo usiliegemee sana.

Kuzima kuna ngazi mbili. Ya kwanza: regedit, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, DWORD NoThumbnailCache, thamani 1. Vijipicha vitaendelea kuonekana bila kuhifadhiwa, na gharama yake ni kwamba folda yenye picha 800 itajichora upya kila ukiifungua. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka utanung'unika. Ya pili, na ndiyo tunayoiamini zaidi kwa kompyuta inayoguswa na watu wengi: File Explorer Options, kichupo cha View, weka tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails". Kisichotengenezwa hakihifadhiwi.

Kuzima hakufuti vya zamani. Disk Cleanup yenye tiki kwenye Thumbnails inafanya kazi, lakini mistari hii mitatu ni ya haraka zaidi:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a /f /q "%LocalAppData%\Microsoft\Windows\Explorer\thumbcache_*.db"
start explorer.exe

Mstari wa kwanza unaondoa upau wa chini na aikoni zote. Usishtuke, wa tatu unazirudisha. Ukiambiwa "Access is denied", kuna programu nyingine imeishika faili: toka kwenye akaunti, ingia, rudia kabla hujafungua folda yoyote. Faili za iconcache ziache, hizo ni aikoni za programu tu.

Mwenye steshenari anayehitaji vijipicha ili kuchagua picha ya kuprinti, abandike mistari hiyo kwenye Notepad, ahifadhi kwa jina safisha.bat (achague "All files", la sivyo itakuwa safisha.bat.txt na haitafanya chochote), kisha aiweke kwenye folda inayofunguka kwa shell:startup. Kila asubuhi akaunti ikifunguliwa, vijipicha vya jana vinaondoka. Na tusidanganyane kwamba hili ni la hiari yako tu: vitambulisho na vyeti vya watu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019. Mteja alikulipa uprinti, hakukupa nakala ukae nayo.

Kilichofutwa kwa del bado kinaweza kufufuliwa mpaka nafasi yake iandikwe juu. Kwa diski ya kuzunguka, amri cipher /w:C:\ inapita mara 3 kwenye nafasi tupu; iache usiku kucha. Kwa SSD haina maana sana, usimbaji wa diski nzima ndio unaosaidia. Angalia pia restore points, yaani nakala za hali ya mfumo ambazo Windows hujiwekea, zinaweza kuwa na nakala za zamani.

Kwa Linux ni folda ya ~/.cache/thumbnails, na huko kila kijipicha ni PNG yenye njia kamili ya faili asili ndani yake, jambo ambalo ni baya kuliko Windows. Kwenye GNOME:

gsettings set org.gnome.desktop.thumbnailers disable-all true

kisha futa folda hiyo. Mac ilikuwa na tundu lile lile la diski zilizosimbwa kupitia QuickLook, kionyeshi chake cha haraka cha faili, lililoanikwa mwaka 2018 na Wojciech Reguła na Patrick Wardle. Amri ya kusafisha ni qlmanage -r cache.

Kuhakikisha kwenye Windows: andika pembeni ukubwa wa thumbcache_256.db, chomeka flashi yenye picha ambazo mashine haijawahi kuziona, zipitie kwa "Extra large icons" mpaka mwisho, halafu bonyeza F5 kwenye folda ile yenye faili za thumbcache. Faili ikiwa imenenepa, au imezaliwa upya ikiwa na uzito, rudi kwenye regedit uangalie kama jina la DWORD umeliandika sawasawa.