Unesi Uingereza: pesa ya wakala weka mfukoni

Dada uliyeuliza kama umlipe wakala akutafutie kazi ya unesi Uingereza: usitoe hata shilingi. Kanuni za kule zinamkataza kumtoza nesi ada ya kutafutiwa kazi, anayemlipa ni mwajiri. Wewe anza na NMC, baraza linalosajili manesi na wakunga. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka 7, ila kwenye kuandika 6.5 inatosha (hapo ndipo nilipokwama, nikarudia). Mtihani wa unesi unaofanywa kwenye kompyuta unaufanyia hapahapa Nairobi. Ule wa vitendo, OSCE, utaukuta huko. Na wakala akikwambia eti uingie kwanza kama mlezi wa wazee, kimbia. Njia hiyo ilifungwa kwa waombaji walio nje tangu Julai 2025.