Kukopa ili kutimiza ahadi ya kanisani

Dada mpendwa katika Kristo, umeuliza kama ukope kwa riba ili ulipe ahadi uliyoitoa kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa, kwa kuwa biashara yako imeyumba na unaogopa kuaibika. Ninakusihi usikope. Paulo, alipokuwa akiwahimiza Wakorintho wawachangie watakatifu maskini wa Yerusalemu, aliandika wazi katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, si kwa kadiri ya asicho nacho, na katika aya inayofuata akakataa kwamba wengine wapate nafuu ilhali watoaji wanalemewa. Ni kweli kwamba waamini wa Makedonia walitoa kupita uwezo wao, tena katika umaskini mkubwa, lakini walitoa kwa hiari na furaha, wala hawakusukumwa na hofu ya kusemwa. Mwendee mchungaji wako, umweleze hali ilivyo, na uombe kulipa kidogo kidogo. Umesema pia kwamba unasumbuliwa na kutoridhika na hali yako; usijilaumu mno: Paulo mwenyewe anakiri katika Wafilipi 4:11 kwamba kuridhika alijifunza, naye aliyaandika hayo akiwa kifungoni.