Kazi Ninayo, Saa Ndizo Zinazopungua

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Kigoma, naishi Columbus, Ohio, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mwaka jana nilikuwa napata saa 40 kwa wiki na ovataimu juu. Siku hizi msimamizi ananipangia saa 28, na mizigo ikiwa michache anaturudisha nyumbani mchana. Lakini habari zinasema ajira iko vizuri. Mimi nahesabiwa wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa hesabu unayoisikia kwenye habari, wewe una kazi, basi. Marekani mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya uchunguzi hatajwi kuwa hana ajira. Ndiyo maana hali yako haionekani pale. Inaonekana kwenye takwimu nyingine isiyotangazwa sana: wastani wa saa za kazi kwa wiki.

Naijua kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa mwandaaji wa mishahara katika kiwanda hukohuko Marekani, na fomu yake ilipita mezani kwangu kila mwezi. Ofisi ya Takwimu za Kazi, BLS, inataka kipindi cha malipo chenye tarehe 12. Unaandika wangapi walilipwa, walilipwa kiasi gani na kwa saa ngapi. Viwanda huandika ovataimu peke yake. Kuna miezi niliyojaza idadi ileile ya watu huku saa zikiwa zimeporomoka. Hakuna aliyefukuzwa, lakini kila mtu pale alijua oda zimepungua. Mwajiri hapendi kumwachia mtu aliyekwisha kumfundisha kazi, kwa hiyo huanza kwa kukata ovataimu, kisha saa za kawaida, na watu huwafikia mwisho. Kazi ikirudi, huongeza saa kwanza kabla ya kuajiri. Ndiyo sababu shirika la Conference Board limeweka saa za wiki za viwandani kati ya vipimo vyake vya kutabiri uchumi unakoelekea.

Takwimu hiyo hutolewa kwa kila jimbo, na kwa miji mikubwa kama wenu. Usidharau desimali zake. Chukua jimbo lenye ajira 1,000,000 za sekta binafsi: wastani ukishuka kutoka saa 34.5 hadi 34.2, ni dakika 18 tu kwa kila ajira. Zijumlishe, ni saa 300,000 zilizopotea kila wiki, sawa na ajira kama 8,800 za wastani huo, na kwenye orodha ya wafanyakazi hakuna jina lililofutwa! Katika mdororo wa 2009 wastani wa nchi nzima ulishuka chini ya saa 34.

Ila isome kwa uangalifu. Usiilinganishe Columbus na mji wa mahoteli, kwa sababu hoteli na migahawa huajiri wengi kwa saa chache, wakati viwanda hukaribia saa 40. Linganisha Machi na Machi iliyopita ya mji uleule, maana Desemba ya maghala si Februari yake. Tena zinahesabiwa saa zilizolipwa, likizo ya malipo ikiwemo, na inahesabiwa ajira, si mtu. Ukiongeza kibarua cha usiku cha saa 15, utaingia mara mbili na kuushusha wastani, ilhali wewe mwenyewe unafanya saa 43 na hulali. Hilo linaniuma, kwa sababu najua vijana wetu wengi wanaishi hivyo.

Sasa mambo yako. Saa 28 ziko chini ya 30, na sheria ya bima ya afya inawabana waajiri wakubwa kwa wafanyakazi wa wastani wa saa 30 na zaidi. Kaulize ofisi ya rasilimali watu, kwa maandishi, bima yako itabaki hadi lini. Pia Ohio ina mafao ya ukosefu wa ajira kwa aliyepunguziwa saa, kama malipo yako ya wiki yameshuka chini ya kiwango cha mafao yako. Tunza karatasi zote za mshahara, za mwaka jana na za sasa, na uombe wiki hiihii, kwa kuwa dai huanza kuhesabiwa wiki uliyoomba.