Jibu: Kwa nini shangazi amekatazwa kula kabla ya kipimo cha PET

Ndugu, umeuliza kwa nini shangazi yako wa Dodoma amekatazwa hata uji kabla ya kupimwa PET, kipimo cha picha za mwili kinachotumia dawa yenye mionzi kidogo. Dawa atakayochomwa ni aina ya glukosi iliyoambatanishwa na florini-18 (florini inayotoa mionzi), na kwa kuwa seli nyingi za saratani hufyonza sukari kwa pupa, huikusanya na kung'aa pichani. Akinywa uji, sukari ya damu itashindana na dawa hiyo, na insulini itaisukumia kwenye misuli. Maji matupu hayana shida. (Msishtuke ubongo uking'aa, nao hutumia sukari nyingi.)

Asichelewe pia, maana mionzi ya florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110 hivi: ikisafirishwa kwa basi linalochukua muda wa saa nane kutoka Dar es Salaam, ingefika Dodoma imebaki takribani asilimia 5. Kama ana kisukari, awaeleze wahudumu mapema, siyo akiwa tayari kitandani.