Uliza Mwalimu: Vijinzi vya Zabibu Vimehamia Jikoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tangu zabibu zianze kushuka bei hapa Dodoma, jikoni kwangu hakukaliki. Kuna vijinzi vidogo vyenye macho mekundu. Vimejaa kwenye bakuli la matunda, na ukimimina chai vinakutangulia kikombeni. Mume wangu anasema vinazaliwa ndani ya zabibu zenyewe. Nina mtoto wa miezi minane anayetambaa, sitaki kupuliza dawa. Nifanyeje?
– Mama Mtoto, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo hajakosea sana. Kijinzi jike hutaga kwenye tunda lililopasuka au lililoanza kuchacha, na mayai yake ni madogo mno, huyaoni unapochagua zabibu sokoni. Jike mmoja hutaga mamia. Kwa joto letu, siku 8 hadi 10 zinatosha yai kuwa kijinzi kinachoruka. Kwa hiyo zile zabibu za soko la Majengo huenda zilikuja nyumbani na wapangaji tayari. (Usivichanganye na inzi wa maembe wanaowasumbua wakulima. Yule ni mkubwa zaidi, na hutoboa tunda zima likiwa bado mtini.)

Najua unasubiri nikupe mtego. Utaupata, lakini kwanza nikusimulie aibu yangu.

Mwaka juzi niliviwinda wiki nzima. Nilitega vikombe vitatu, kila asubuhi namwaga mizoga, jioni vipo vilevile. Nilikuwa nimeletewa boksi la zabibu kutoka Hombolo, nikaliweka juu ya friji. Punje za chini zikapondeka, maji yake yakapenya boksi, yakateremka taratibu nyuma ya friji mpaka kwenye kile kisahani kinachokinga maji. Wodi ya wazazi ilikuwa pale! Miaka 27 nimefundisha sayansi kimu, nimekagua kucha na majiko ya watoto wa watu, kumbe mimi nafuga nyuma ya friji langu mwenyewe.

Basi anza kwa kunusa. Inama, sogeza vitu. Angalia kiroba cha viazi na vitunguu, maana kimoja kikioza chini kinatosha kulisha ukoo mzima. Angalia chupa tupu za soda, ndoo ya maganda, na dekio linalokaa bichi kwenye kona. Zabibu zenyewe zichambue leo hii: zilizopasuka tupa nje, nzima funika au weka kwenye friji. Usizioshe zote kwa pamoja ukaziacha na maji, zitaoza haraka zaidi. Osha za kula tu.

Halafu kuna suala la mgao. Maji yakikatika tunarundika vyombo kwenye beseni tukisubiri yarudi, na vijinzi hufanya sherehe hapo. Kama huna maji ya kuosha, walau kwangua mabaki yote, kisha funika beseni kwa kitambaa kizito. Sinki nalo lina ute ndani ya bomba la kutolea maji. Lisugue kwa brashi ya chupa, sabuni na maji ya moto. Ukitaka kujua kama vinatokea humo, usiku bandika selotepu juu ya tundu, upande wa gundi ukitazama chini, uache upenyo kidogo wa hewa. Asubuhi utaona waliokamatwa. Wakiwa na manyoya kama vipepeo vidogo, hao ni wengine kabisa, na zabibu hazihusiki. Dawa yao ni kusugua bomba.

Sasa mtego. Chukua glasi, weka siki ya matunda vidole viwili, au zabibu chache zilizochacha ulizoziponda, na matone mawili ya sabuni ya maji. Bila sabuni kijinzi husimama juu ya maji kama mtu kwenye mkeka, kinakunywa na kuondoka. Sabuni huulegeza uso wa maji, kinazama. Kunja karatasi kama ile ya muuza karanga, acha tundu dogo kwenye ncha, uisimamishe ndani ya glasi bila kugusa maji. Kuingia ni rahisi, kutoka hawajui. Weka juu, mwanao asifikie, na ubadilishe kila baada ya siku mbili.

Usikate tamaa ukiona vipya siku ya tano, hao wametoka kwenye mayai ya zamani, ndiyo kwanza wanakomaa. Endelea wiki mbili.

Na ile ndimu iliyochomekwa karafuu, inayosemwa hufukuza wadudu? Nimejaribu. Jiko lilinukia kama pilau, na vijinzi vikatua juu ya ndimu.

SWALI: Mwalimu, nilitega siki nyeupe ya dukani siku tatu, sijapata hata kimoja, na jikoni vimejaa. Siki imechakachuliwa?
– Msomaji, Manyoni

JIBU: Hapana, siki yako ni nzima. Ila ile nyeupe ni ukali mtupu, haina harufu ya tunda, na vijinzi hufuata harufu ya tunda linalochacha. Dondoshea kipande cha ndizi iliyoiva sana, au mvinyo uliobaki chini ya chupa kama mnatumia. Na bakuli la matunda liondoe mezani usiku huo. Ukiliacha wazi, nani ataenda kwenye glasi yako?