Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Kupenya Katikati ya Magari Kwenye Foleni

SWALI: Mimi huenda kazini kwa pikipiki. Foleni inapokuwa ndefu, hupenya katikati ya safu mbili za magari hadi nifike mbele. Mume wangu ananikataza, akisema ni heri nikae nyuma ya gari na kusubiri kama wengine. Je, nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya mumeo ina msingi, lakini kukaa nyuma ya gari nako si salama kama watu wengi wanavyodhani. Aliyesimama na pikipiki mwishoni mwa foleni hana bodi ya kumkinga, na dereva anayekuja nyuma akichelewa kushika breki humbana kati ya bampa mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza waendesha pikipiki 5,969 waliopata ajali katika jimbo hilo la Marekani, ambako kupenya kunaruhusiwa, wakatoa matokeo yao mwaka 2015. Waliokuwa wakipenya ajali ilipotokea walikuwa 997, na kati yao asilimia 9 waliumia kichwani, ilhali miongoni mwa wengine walioumia hivyo walikuwa asilimia 17. Waliofariki walikuwa asilimia 1.2 dhidi ya 3.

Naomba takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu zinahusu watu ambao tayari walikuwa wamepata ajali. Zinatueleza waliumia kwa kiasi gani, lakini hazituelezi ni nani aliyekuwa karibu zaidi na ajali tangu mwanzo. Isitoshe, waliokuwa wakipenya walivaa kwa wingi zaidi helmeti zinazofunika uso wote, na ni wachache zaidi kati yao waliokuwa wamelewa.

Jambo ninalotaka ulishike katika utafiti huo ni tofauti ya mwendo. Ilionekana kwamba mradi pikipiki haiyazidi magari yanayoizunguka kwa zaidi ya kilomita 24 hivi kwa saa, na magari yenyewe hayaendi zaidi ya kilomita 80, majeraha hayakuwa mabaya zaidi. Tofauti ilipopita hapo, yaliongezeka. Sheria za baadhi ya mahali zinafuata mkondo huohuo: jimbo la New South Wales nchini Australia liliruhusu kupenya mwaka 2014 kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, na jimbo la Utah nchini Marekani likaruhusu mwaka 2019, lakini katikati ya magari yaliyosimama tu. Kwingine kupenya ni kosa, kwa hiyo hakikisha kwanza sheria ya unapoendeshea inasemaje.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pikipiki husogea zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo unayoihitaji kushtuka na kufikisha vidole kwenye breki. Kabla breki haijaanza kufanya kazi, umeshapita karibu urefu wa magari madogo mawili, na lolote kati ya hayo lingeweza kukuingilia. Kwa kilomita 60 unapita manne, na hapo hata mwendeshaji hodari hana la kufanya.

Kwa hiyo penya polepole, vidole viwili vikiwa juu ya breki, na tazama matairi ya mbele ya magari, kwa kuwa tairi huanza kukata kona kabla bodi haijasogea. Safu moja ikiwa imesimama na ya pili ikaacha nafasi wazi, chukulia kwamba kuna dereva anayetaka kuirukia nafasi hiyo, na kwamba huenda asitoe indiketa. Usipite kati ya malori mawili, wala ubavuni mwa lori linalokaribia kukata kona, kwa maana tela lake hubana kona kuliko kichwa chake. Mtembea kwa miguu anayevuka foleni naye hutokea ghafla mbele ya gari refu. Na foleni ikianza kutiririka, rudi kwenye safu yako mara moja. Wengi huponzwa na dakika hiyo, kwa kuwa magari huanza kuhamahama wakati wao bado wanataka kulipita moja zaidi.

SWALI: Mimi ni dereva wa gari. Pikipiki hunipita pande zote mbili, nami hushtuka na kukwepa. Nifanyeje?

JIBU: Usikwepe ghafla, hata kwa nia njema, kwa sababu anayekupita amekwisha kupima nafasi kwa kuangalia mahali ulipo. Baki katikati ya safu yako. Ukitaka kuhama, toa indiketa mapema, tazama kioo, kisha geuza shingo, maana kuna sehemu ya ubavuni ambayo kioo hakiioneshi kabisa. Abiria wako naye asifungue mlango kabla ya kuchungulia nyuma.

SWALI: Je, kupiga honi mfululizo wakati wa kupenya kunasaidia?

JIBU: Kidogo sana. Dereva aliyefunga vioo na kuwasha redio huenda asiisikie, na anayeisikia mara nyingi hajui inatoka upande gani. Washa taa ya mbele hata mchana, na utafute uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni: usipouona, naye hawezi kukuona kwenye kioo hicho, basi punguza mwendo kabla ya kumfikia.